Lishe ya Mzee Mwenye Saratani ya Tumbo: Chakula Kwanza, Kopo Baadaye

Familia inayomuuguza mzee mwenye saratani ya tumbo hukutana mapema na wauzaji wa unga, vidonge na dawa za maji zinazodaiwa kurejesha nguvu. Kabla ya kutoa fedha, mtumiaji aelewe kwanza mwili wa mgonjwa unahitaji nini.

Uvimbe hupunguza hamu ya kula na humfanya mgonjwa ashibe upesi. Kwa mzee, ambaye misuli yake ilikwisha kupungua kwa umri, kukonda zaidi ni hatari: mgonjwa aliyedhoofika huweza kuahirishiwa upasuaji au kupunguziwa dozi ya dawa. Apimwe uzito kila wiki kwa mizani ileile. Aliyekuwa na kilo 60 akishuka hadi 57, daktari aarifiwe. Isisubiriwe hadi nguo zimpwaye.

Uji mwepesi, ambao wengi huuona kuwa ndio chakula cha mgonjwa, kwa sehemu kubwa ni maji. Kikombe kidogo cha uji mzito uliopikwa kwa maziwa na karanga zilizosagwa humfaa zaidi. Apewe milo midogo sita au zaidi kwa siku. Kiasi cha protini kinachopendekezwa kwa wagonjwa wa saratani ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa daktari ameagiza vingine, kwa mfano kwa mwenye maradhi ya figo. Mzee wa kilo 50, basi, anahitaji gramu 50 hadi 75. Yai moja lina takriban gramu 6, na mililita 250 za maziwa takriban gramu 8. Samaki, dagaa wa kusaga na kunde zilizopondwa huongezea. Karanga zichambuliwe kwa makini. Zilizosinyaa, kubadilika rangi au kuota ukungu zitupwe, kwa kuwa sumukuvu haiishi kwa kupikwa.

Baada ya upasuaji mambo hubadilika. Chakula hushuka upesi utumboni, na vitu vitamu huweza kuleta jasho, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuhara. Hapa ndipo lebo inapokuwa na kazi. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Sukari, glukosi au maltodekstrini ikitajwa mwanzoni, kopo hilo lisinunuliwe kabla ya kumwuliza mtaalamu wa lishe, hata kama picha yake inavutia. Vinywaji vinywewe takriban nusu saa kabla au baada ya mlo.

Aliyeondolewa tumbo lote huhitaji vitamini B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano. Akiba iliyomo kwenye ini huweza kudumu miaka kadhaa, hivyo upungufu hujitokeza wakati familia imekwisha kusahau.

Maziwa maalumu ya kopo yana nafasi yake pale chakula cha kawaida kisipotosha. Tangu 2019, nchini Tanzania, usalama wa chakula husimamiwa na TBS, na dawa husimamiwa na TMDA. Kagua alama ya ubora, tarehe ya mwisho wa matumizi na kifuniko, kisha dai risiti. Bidhaa inayouzwa kama chakula huku ikidai kutibu saratani isinunuliwe, bali iripotiwe.

Mgonjwa akitapika mfululizo, akishindwa kumeza au akipata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.