Asiyekuwa na Nyumba, Je, Ana Kura?

Limekuja mbele yetu suali ambalo twaona halifai kujibiwa kwa neno moja likaachwa. Suali lenyewe ni hili: mtu alalaye barazani, au chini ya dari la duka, au katika nyumba mbovu iliyohamwa, asiyekuwa na mlango wake wala anwani, je, ana haki ya kuandikwa katika daftari la wapiga kura, akachagua mbunge, gavana na rais kama wachaguavyo wenye majumba? Wako katika watu wa mji wanaojibu upesi kwamba hana, kwa kuwa haijulikani wapi anakaa. Jibu hilo si sahihi, si kwa sheria ya nchi wala kwa akili. Nasi twataka kulieleza kwa utaratibu, kwani kwa yule aliyenyimwa haki, kunyimwa kwa ujinga na kunyimwa kwa makusudi ni mamoja.

Asili ya kosa ni kuchanganya sharti na dalili ya sharti. Aliyesoma mlango wa sala ajua kwamba kuingia kwa wakati ni sharti, na kwamba adhana ni khabari tu ya kuwa wakati umeingia. Asiyesikia adhana, wakati haukumwondokea. Vivyo hivyo katika jambo letu: uraia na utu uzima ni sharti, ama nyumba, hati ya shamba, au barua yenye anwani, hizo ni dalili za kumtambua mtu. Dalili ikikosekana hutafutwa nyingine. Haibatilishi sharti iliyotimia.

Natutazame sasa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 83 kimetaja sifa za mwenye kuandikwa kuwa mpiga kura: awe raia aliye mtu mzima, asiwe ametangazwa kuwa hana akili timamu, na asiwe amehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyopita. Hapakutajwa nyumba, wala kodi ya nyumba, wala mali. Kisha kifungu hicho hicho kimeongeza kwamba mipango ya kuandikisha watu na ya kuendesha uchaguzi iwe ya kumrahisishia raia mwenye sifa kupiga kura, wala isiwe ya kumnyima. Maneno haya ni mazito. Maana yake ni kwamba taabu ya kumfikia mtu asiye na makao ni mzigo wa wenye kusimamia uchaguzi, si hoja ya kumwacha nje.

Haikuwa hivi tangu zamani. Waafrika wa nchi hii walipochagua wajumbe wao wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria mwezi wa Machi 1957, kura ilitolewa kwa mizani ya elimu, mali, mapato na sifa nyingine kama hizo, na aliyekusanya sifa nyingi aliweza kuwa na kura mpaka 3, hali jirani yake hana hata moja. Mizani hiyo ilikataliwa, na katika uchaguzi wa mwaka 1963 kila mtu mzima alihesabiwa mmoja. Basi asemaye leo kwamba asiye na nyumba hana kura, arudisha kwa mlango wa nyuma kipimo kile ambacho wazee wetu walikitoa kwa mlango wa mbele.

Huenda mtu akauliza: mkaazi ni nani, ikiwa hana nyumba? Twasema, kukaa ni kitu na kumiliki nyumba ni kitu kingine. Wanafunzi wetu wajua kwamba katika madhehebu ya Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, hukumu ya safari humwondokea, akawa mukimu. Haulizwi ana chumba ama hana. Lizingatiwalo ni mahali na nia. Mahakama za nchi nyingine zimefikia fikra iliyo karibu na hii. Huko California, Marekani, watu 3 wasiokuwa na makao walitaja bustani ya mji wa Santa Barbara, iitwayo Fig Tree Park, kuwa ndipo mahali pao pa kukaa. Karani wa uchaguzi akawakatalia, na mwaka 1985 mahakama ya rufani ikahukumu kwamba bustani ile yatosha. Mwaka uliotangulia, mahakama moja ya New York ilikuwa imehukumu kwamba watu wa namna hiyo hawawezi kunyimwa kura kwa sababu tu hawana nyumba. Nako Uingereza, sheria ya mwaka 2000 ilimruhusu asiye na makao ya kudumu kuandika tamko la kutaja mahali anapopitisha sehemu kubwa ya wakati wake, akaandikwa hapo.

Ama kwetu Kenya, kizuizi hasa si nyumba, bali ni kitambulisho. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 yataka aandikwaye aonyeshe kitambulisho cha taifa au pasipoti. Hapa ndipo maskini wa barabarani akwamapo. Mwenye kuomba kitambulisho huulizwa wazazi wake, mahali alipozaliwa na mahali akaapo, na kwa desturi chifu au naibu wake ndiye ashuhudiaye. Ni nani atakayemshuhudia aliyetoroka kwao akiwa mtoto? Na akiwa nacho, atakihifadhi wapi alalapo nje, penye mvua na wezi? Hesabu ya serikali ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchi nzima, na katika hao 7,529 walikuwa Mombasa. Si wote waliokuwa watu wazima, lakini hawa si wachache wa kupuuzwa.

Pwani yetu yajua vyema uchungu wa kukosa karatasi. Wamakonde waliozaliwa Kwale walikuwa na nyumba na mashamba wanayoyalima, wala hawakuwa na kura, mpaka walipopewa vitambulisho mwaka 2017. Na Wapemba wa Pwani hawakutambuliwa kuwa raia mpaka mwaka 2023. Hao walikuwa na mlango bila ya karatasi. Basi tusimwambie aliye na karatasi bila ya mlango kwamba hana haki.

Husemwa pia kwamba mtu kama huyu atauza kura yake. Twajibu: kununua kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016, na mnunuzi hatoki barabarani, hutoka katika gari. Dawa ya rushwa ni kumshitaki mwenye kuitoa, si kumfuta mwenye njaa. Husemwa tena kwamba atapiga kura mara mbili. Katiba yaamuru mtu aandikwe katika kituo kimoja tu, na alama za vidole huchukuliwa wakati wa kuandikisha. Vidole havihitaji anwani. Na husemwa kwamba hana maslaha na mji. Ajabu gani hii! Askari wa kaunti wamfukuzao usiku wako chini ya serikali aliyoichagua mwingine. Maji ya bomba la umma, choo cha soko, zahanati: ni nani avihitajiye zaidi kuliko asiye navyo kwake? Hata wafungwa, walio mbali na majumba yao kwa hukumu ya kosa, walipiga kura ya maoni mwaka 2010 na wakamchagua rais mwaka 2017. Ikiwa mfungwa hakunyimwa, asiye na kosa illa umaskini ni awla zaidi.

Basi yatupasa nini? Kwanza, tuwaeleze walalao katika baraza zetu kwamba haki hii ni yao, kwani wengi waamini kwamba si yao. Pili, ajulikanaye mtaani kwa miaka, na apate mzee wa mtaa au imamu wa kufuatana naye kwa chifu, akamshuhudia kwa lile alijualo, wala asizidishe neno. Tatu, mwenye kitambulisho tumwandikie nambari yake mahali pa salama, kwani nambari hiyo haibadiliki, na kikipotea itamsaidia kupata kingine. Nne, aliyeandikwa Malindi naye sasa akaa Mombasa, aombe mapema kuhamishiwa kituo chake, kwani kura hupigwa pale jina lilipo. Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na anayengoja mwezi wa mwisho hukuta daftari limefungwa.

Hatusemi kwamba kura itampa mtu paa. Twasema kwamba wagombeaji hupita kwenye kura, na pasipokuwa na kura hawapiti. Na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.