SOMO LETU: KAHAWA BARIDI YA NYUMBANI WAKATI WA JUA KALI



Somo hili lilianza shambani, si ofisini. Ilikuwa mwezi wa pili, wakati ambao huku Ukambani jua linachoma mpaka mbuzi wote wanajibana chini ya mti mmoja. Kikundi cha akina mama kilikuwa kinachimba fanya-juu katika shamba la mwenzao, kwa mtindo wetu wa mwethya. Saa nne ikafika, chai ikaletwa, moto kabisa. Hakuna aliyeitaka. Mama mmoja alishika kikombe akasema, "Jua mgongoni, na sasa jua tumboni pia?" Mimi nikawaambia iko kahawa ambayo haipikwi. Inalowekwa katika maji baridi usiku kucha, asubuhi inachujwa, na si chungu kama ile ya moto. Wakacheka. Halafu wakasema haya, tuletee tuone.

Nikaleta, na nikakosea. Nawaeleza kosa langu mapema sababu ndilo somo lenyewe. Maji niliyachota katika kisima cha mchangani, pale mtoni. Yalikuwa meupe kama kioo. Sikuyachemsha. Nilijiambia, si ni ya kahawa? Kahawa ni kali, itaua kila kitu. Kabla ya siku mbili kwisha, watu tisa tulikuwa tunaendesha, mimi mmoja wao. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha ilibidi apelekwe zahanati akawekewa maji kwa mshipa. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini kwa wiki mbili sikuweza kumwangalia mume wake usoni.

Kwa hivyo kabla ya kuzungumza juu ya utamu, tuzungumze juu ya maji.

MAJI KWANZA

Chai inatulinda bila sisi kujua. Hata kama maji yalitoka mahali pabaya, yakichemka sawasawa vijidudu vinakufa. Kahawa ya baridi haina ulinzi huo. Inakaa saa kumi au kumi na mbili katika joto la nyumba, na vijidudu vikiwa ndani vina usiku mzima wa kuzaana. Tena kahawa haina ukali wa kuvizuia. Maziwa lala yana uchachu, limau ina uchachu, na uchachu huo unasaidia kuzuia vijidudu vingi. Kahawa baridi ina uchachu mdogo sana, hautoshi kutulinda.

Basi, chemsha maji mpaka yatokote kabisa, yaendelee kutokota dakika moja nzima. Wale wanaokaa juu sana milimani, kupita mita 2,000, wangoje dakika tatu, sababu huko maji huchemka kabla joto halijapanda vizuri. Halafu yaache yapoe ndani ya sufuria ile ile, na kifuniko juu. Nimeona watu wakichemsha vizuri kabisa kisha wanamimina katika ndoo iliyooshwa kwa maji ya mtoni. Kazi yote imepotea hapo.

Kuna wanaotumia dawa ya klorini. Ni sawa, lakini dawa itiwe katika maji matupu kwanza, mngoje nusu saa, ndipo kahawa iingie. Ukitia dawa na kahawa pamoja, kahawa inaimaliza nguvu ile dawa na maji yanabaki kama yalivyokuwa. Wengine huweka maji maangavu katika chupa safi za plastiki zinazopitisha mwangaza, zisizozidi lita 2, wakazilaza juani saa sita, au siku mbili kama kuna mawingu. Hiyo pia inafaa. Na ni kwa dawa au kwa jua tu ndipo kahawa hii itakuokolea kuni kweli kweli. Nasikia watu wakisifu ati kahawa baridi haitaki moto. Haitaki moto wake yenyewe, lakini maji yanautaka. Tusidanganyane.

Na barafu ya sokoni? Barafu ya maji machafu ni maji machafu yaliyoganda. Baridi haiui vijidudu, inavilaza usingizi tu. Kama hujui barafu ilitengenezwa na maji gani, iache.

KAHAWA YENYEWE

Sisi tunaishi na kahawa lakini hatuinywi. Ni ajabu kidogo. Wamisionari Wakatoliki Wafaransa waliipanda Bura, huko Taita, mwaka 1893. Miaka mingi baadaye serikali ya kikoloni bado iliwazuia Waafrika wengi kuilima, mpaka mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipofungua mlango kwa wakulima wadogo wengi. Wazee wetu wa upande wa Kangundo na Matungulu walipanda, wakasomesha watoto. Lakini ukimtembelea mkulima leo anakupikia chai. Kahawa inapelekwa kiwandani, inasafiri, inanywewa Ujerumani na Marekani, na mwenyewe hajui ladha yake. Watu wa pwani ndio walioielewa mapema: jioni Mombasa au Lamu utaona muuzaji na dele lake la kahawa chungu, na wanaikunywa moto katika joto lile lile wanalolilalamikia.

Kwa kahawa baridi tafuta kahawa iliyokaangwa na kusagwa kwa chembe kubwa, kama chumvi ya mawe iliyovunjwa. Ikiwa laini kama unga wa ngano itapita katika kitambaa na kinywaji kitakuwa tope. Kama mna kahawa iliyokaangwa nzima, itwangeni kwenye kinu kidogo kidogo, halafu pepeteni kwa ungo mtoe vumbi. Vumbi msilitupe, ni zuri kwa kahawa ya moto. Msipeleke kwenye mashine ya posho! Kikundi kimoja walifanya hivyo, na kahawa ikaja imechanganyika na unga wa mahindi uliobaki kwenye jiwe. Asubuhi ilikuwa imeanza kuchacha.

Kama nyumbani kuna ile kahawa ya kopo inayoyeyuka tu, haina haja ya kulala. Koroga katika maji baridi yaliyochemshwa, basi. Ladha si ile, lakini tumbo litatulia pia.

Kwa nini iloweshwe usiku kucha? Maji ya moto yana haraka. Yanaingia ndani ya kahawa na kutoa kila kitu kwa dakika chache, utamu na uchungu pamoja. Maji baridi ni mpole. Yanatoa harufu na utamu pole pole, na sehemu kubwa ya uchungu inabaki kwenye machicha. Ndiyo maana hata asiyependa kahawa anaweza kumaliza kikombe hiki.

KUTENGENEZA KWA WATU ISHIRINI

Chukua lita 5 za maji yaliyochemshwa na kupoa. Pima kahawa vikombe vitano vya chai vilivyojaa, yaani karibu gramu 400. Mimina kahawa katika sufuria kubwa au ndoo safi yenye kifuniko, iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Tia maji kidogo kwanza ukoroge mpaka kahawa yote ilowe, halafu tia yaliyobaki. Funika. Fanya hivi saa moja au saa mbili jioni, na asubuhi saa kumi na mbili au saa moja uchuje. Vitabu vya wazungu vinasema saa kumi na sita, hata ishirini na nne, lakini wao wana nyumba baridi na friji. Kwetu, joto linaharakisha kazi, na saa kumi hadi kumi na mbili zinatosha.

Chuja kwanza kwa chujio cha chai, halafu kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa. Usikamue kitambaa kwa nguvu, utarudisha uchungu wote. Utapata kama lita 4 na kidogo, maana kahawa imekunywa maji yake. Ongeza lita 2 za maji safi yaliyopoa, na hapo umepata vikombe ishirini vya mililita 300.

Sukari ni shida katika kitu baridi, inakaa chini tu kama mchanga. Dawa yake ni hii: katika zile lita 2 za mwisho toa nusu lita, chemsha na nusu kilo ya sukari mpaka iyeyuke, na ukitaka tia tangawizi iliyopondwa au iliki. Chuja, iache ipoe, kila mtu ajitilie. Maziwa yasiingie katika chombo kikubwa. Anayetaka atie katika kikombe chake wakati wa kunywa.

Machicha yaende kwenye shimo la mboji. Kuku wasipewe, yanawadhuru.

KUPOZA BILA FRIJI

Hapa ndipo watu wa sehemu kavu tuna bahati. Weka kahawa iliyochujwa katika chombo chenye kifuniko, kizungushie gunia au kitambaa kilicholowa, ukiweke kivulini mahali penye upepo, na uendelee kulowesha. Maji yanapokauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto, kama jasho linavyotupoza sisi. Mtungi wa udongo unafanya hivyo wenyewe, sababu unavuja jasho kidogo kidogo. Katika miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alisambaza mbinu ya mitungi miwili, mmoja ndani ya mwingine, na mchanga uliolowa katikati. Watu wakaweka mboga humo zikadumu siku nyingi zaidi. Mbinu hii haifanyi kazi vizuri Mombasa au Kilifi, maana hewa ya huko imeshiba maji tayari na kitambaa hakikauki. Lakini Makueni, Kitui, Voi, ni nzuri sana.

Hata hivyo, mtungi si friji. Unapoza koo, hauzuii kuharibika. Iliyochujwa asubuhi inywewe siku hiyo hiyo, na ya jioni imwagwe hata kama roho inauma. Mwenye friji anaweza kuiweka siku tatu. Na msiijaze katika chupa mkaikaza kizibo na kuiweka kwenye rafu wiki nzima. Kuna vijidudu vinavyopenda mahali pasipo na hewa, na sumu yao haina harufu wala ladha ya kukuonya.

NANI ANYWE, NANI ASINYWE

Kikombe kimoja cha kipimo hiki kinaweza kuwa na miligramu 150 za kafeini au zaidi. Shirika la Afya Duniani linawashauri mama wajawazito wanaozidi miligramu 300 kwa siku wapunguze. Maana yake kikombe cha pili kinamfikisha mpakani, bado hajahesabu chai. Mimi nawaambia nusu kikombe, au tuwaletee uji. Jambo lingine ambalo hatulitaji vya kutosha: kahawa, kama chai, inazuia mwili kuchukua madini ya chuma katika mboga na maharagwe. Mama ambaye damu yake iko chini asinywe pamoja na chakula. Angoje saa moja hivi baada ya kula. Watoto wapewe uji au maji.

Na kwa kazi ya jua, kahawa haichukui nafasi ya maji. Jagi la maji safi liwe kando ya ndoo ya kahawa.

Ikitokea mtu anaendesha, msingoje. Vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo njiani mkimpeleka zahanati.

KAMA MNATAKA KUUZA

Wengi wameniuliza. Fanyeni hesabu hii pamoja na mweka hazina, lakini wekeni bei za soko lenu. Tuseme kahawa ni shilingi 1,200 kwa kilo: gramu 400 ni shilingi 480. Sukari nusu kilo, tuseme 80. Kuni 50. Jumla 610. Gawanya kwa vikombe 20: kila kikombe kimekula shilingi 30 na senti 50. Ukiuza 30, unawapa watu pesa zako. Ukiuza 40, na vikombe vitatu vikabaki vikamwagwa (lazima vimwagwe), umepata 680. Faida ni shilingi 70, kwa usiku mmoja na asubuhi moja. Kwa 50 ni shilingi 240. Kwa maoni yangu kahawa hii inafaa zaidi siku ya mkutano, harusi au mwethya kuliko biashara ya kila siku, ila pale penye kituo cha magari mchana wa joto. Na kabla ya kuuza, mwoneni afisa wa afya ya umma wa kaunti juu ya leseni na vyeti vya afya vya wale wanaoshika chakula.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Maji ya kunywa katika nyumba zetu yanatoka wapi, na ni nani aliyeyachemsha wiki hii? Tuseme ukweli, hakuna wa kumhukumu mwenzake.

Katika kikundi chetu, ni akina mama wangapi walioambiwa kliniki kwamba damu iko chini? Tunakunywa nini pamoja na chakula?

Kwa wale wenye miti ya kahawa: nani anachuma, na malipo ya chama cha ushirika yanakuja kwa jina la nani? Swali hili lisiharakishwe. Wazee wakae nalo pamoja na akina mama katika kikao kimoja, na katibu aandike yaliyosemwa.

Kikundi kitakachojaribu kipimo hiki kilete chupa moja katika mkutano wetu wa parokia, na kituambie maji yalitoka wapi kabla hatujaonja.