KIBANDA CHA VITU VYA KALE
Somo la biashara, hesabu na uaminifu

Wasomaji wetu wote walijua duka, na walijua gulio. Lakini iko biashara katika nchi ya Marekani isiyo duka la mtu mmoja wala gulio, nayo ina mafundisho yatufaayo. Ni biashara ya kuuza vitu vya kale katika nyumba moja kubwa yenye vibanda vingi. Leo twapenda kueleza jinsi kibanda cha namna hiyo kinavyotunzwa. Jambo la kuangaliwa sana ni hili: mwenye kibanda kwa kawaida hayupo mnunuzi anapofika. Kwa hiyo usafi, mpango na maandishi yake ndiyo yanayosema badala ya kinywa chake.

NYUMBA YENYEWE
Pengine nyumba hiyo zamani ilikuwa ghala au kiwanda. Ndani imegawanywa kwa mbao kuwa vyumba vidogo visivyo na milango, na kila mchuuzi hukodi kimoja kwa mwezi. Karibu na mlango mkubwa iko meza moja ya fedha kwa wote. Makarani husoma nambari ya mchuuzi katika kikaratasi cha bei, huandika mauzo, hutoza ushuru wa jimbo, na siku ya malipo ikifika humpa mchuuzi fedha zake baada ya kukata sehemu ya nyumba. Vitu vidogo vya thamani, kama vile saa na pete, huwekwa katika makabati ya kioo yenye kufuli. Mji wa Adamstown, katika jimbo la Pennsylvania, umejulikana sana kwa biashara hii. Kwa kuwa mchuuzi halazimiki kukaa humo kila siku, hata mwalimu au mzee aliyestaafu aweza kuwa na kibanda.

HESABU KWANZA
Kodi hailali. Vitu viuzwe visiuzwe, mwisho wa mwezi yadaiwa. Tuseme kodi ni dola 150 kwa mwezi, na nyumba hukata dola 10 katika kila dola 100 za mauzo. Mchuuzi ameuza vitu vya dola 400. Nyumba yakata 40, kodi ni 150, zabaki 210. Ikiwa vitu hivyo alivinunua kwa dola 180, faida yake ni dola 30 tu, na bado hajahesabu petroli ya gari wala siku alizozunguka kutafuta mali. Mtu asiyeandika ataona dola 400 akafurahi. Aandikaye ataona 30 akafikiri. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari aandike siku aliyonunua kila kitu, bei aliyolipa, mahali kilipotoka, na siku kilipouzwa. Kitu kilichokaa miezi mingi bila kuulizwa kinakula kodi ya mahali pake. Yafaa kukipunguza bei au kukiondoa.

KUPANGA
Virefu vikae nyuma, vifupi mbele, na kilicho bora kikae usawa wa macho. Kizito kisiwekwe juu ya rafu, maana kikianguka huvunja vyote vilivyo chini yake. Njia ya kupita iachwe wazi, ili mama mwenye mtoto au mzee mwenye fimbo apite bila hofu. Taa iwe ya kutosha. Kitu kilicho gizani ni kama hakipo. Tena mchuuzi hodari hufika kila juma, hujaza nafasi zilizoachwa na vitu vilivyouzwa, na hubadili mahali pa vile vilivyobaki. Mara nyingi kiti kilichopitwa na macho siku nyingi katika pembe huonekana kipya kikisogezwa mbele. Ni kweli chema chajiuza, lakini hakijiuzi kikiwa chini ya vumbi.

KUSAFISHA BILA KUHARIBU
Hapa ndipo wageni wa kazi hii wanapokosea. Wapanguse vumbi kila wafikapo, lakini wasisugue kila kitu mpaka king'ae. Rangi nzito ya mti wa kale na weusi wa shaba ya zamani ni ushahidi wa umri wake. Ukiviondoa umeondoa na sehemu ya bei. Sarafu ya kale isisuguliwe kabisa. Mti wapakwa nta kidogo kwa kitambaa laini. Nguo na karatasi zikae mbali na jua, kwa maana jua hufifisha rangi, na mbali na unyevu uletao ukungu. Ukiona matundu madogo katika mti na unga laini chini yake, ujue wadudu wangali wakila. Kitu hicho kitolewe upesi kabla hawajahamia kibanda cha jirani.

KIKARATASI CHA BEI
Kikaratasi kifungwe kwa uzi, kisigandishwe kwa gundi ing'oayo rangi. Kiandikwe nambari ya mchuuzi, jina la kitu, umri wake kama unajulikana, na bei. Na kama kina ufa, au mguu mmoja si wa asili, hilo nalo liandikwe waziwazi. Katika sheria za forodha za Marekani kitu cha kale ni kile kilichozidi miaka 100. Lakini vibandani mna pia vitu vya juzi, kama sahani za bibi na michezo ya watoto. Hapana ubaya kuviuza. Ubaya ni kuandika miaka 100 juu ya kitu cha miaka 40. Mnunuzi aliyedanganywa mara moja hakikimbii kibanda hicho peke yake; huiogopa nyumba nzima, na majirani wasio na kosa hupata hasara.

KITU KIMETOKA WAPI?
Swali hili latuhusu sisi hasa. Katika karne ya 19 pembe nyingi za ndovu zilizopita Unguja zilipelekwa katika jimbo la Connecticut, katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vipande vyembamba vya kufunikia vibao vya piano. Piano za namna hiyo zingalipo huko. Lakini tangu Julai 2016 sheria ya Marekani imezuia kuuza pembe za ndovu wa Afrika kutoka jimbo hata jimbo, isipokuwa vitu vyenye ushahidi wa kupita miaka 100 na vingine vichache vyenye pembe kidogo. Majimbo kama New York na California yana sheria kali zaidi. Kwa hiyo mchuuzi asiye na hati ya kitu chake asikiweke kibandani.

Liko jambo la kusikitisha zaidi. Wamijikenda wa pwani ya Kenya husimamisha vigango, yaani nguzo zilizochongwa kwa ukumbusho wa wazee waliokufa. Vingi viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanya biashara, vikafika Marekani kama mapambo ya nyumba. Nyumba ya makumbusho ya mjini Denver ilirudisha vigango 30, navyo viliwasili Kenya mwaka 2019. Yule aliyekiuza cha kwanza alipata fedha kidogo. Jamaa za marehemu walipotewa na kitu kisicho na bei.

TUNALOJIFUNZA
Basi tumeona ya kuwa kibanda kizuri chasimama juu ya mambo matatu: daftari lisilo na uongo, mkono usiochoka kupangusa, na kikaratasi kisemacho kweli hata mwenyewe asipokuwapo. Mwenye duka la kijijini aweza kuyafuata yote matatu kuanzia kesho. Walimu wawape wanafunzi ile hesabu ya dola 400, waibadili iwe shilingi. Na machifu na wazee wa mji tunawasihi: akija mgeni kuulizia kigango, mlango wa nakshi au ngoma ya ukoo, asijibiwe na kijana mmoja mwenye haja ya fedha. Waitwe wenye kitu wote, waulizwe, na shauri lao liandikwe. Kitu kikisha kuvuka bahari, kukirudisha ni kazi ya miaka mingi.