Mtafiti kama Fanani: Utendaji wa Papo kwa Papo katika Uwasilishaji wa Sayansi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anafahamu kwamba fanani hatambi hadithi peke yake. Hadhira humlazimu kurefusha, kufupisha au kugeuza kisa papo hapo. Mtafiti wa sayansi, aghalabu, huzoezwa kusoma matokeo yake hadi tamati, afuatwe asifuatwe.

Alan Alda, mwigizaji wa Marekani, alipokuwa na umri wa miaka 11 alimwuliza mwalimu mwali wa moto ni nini, akajibiwa kwa neno moja: uoksidishaji. Kituo cha mawasiliano ya sayansi alichosaidia kukianzisha mwaka 2009 katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, huwafunza wanasayansi kuigiza bila mswada. Katika zoezi la kioo, wawili hutazamana, mmoja akiiga kila mwondoko wa mwenziwe. Mwigaji akichelewa, lawama ni ya kiongozi. (Baadhi ya wahadhiri wetu nao wangefaa kulijaribu.) Lengo si kumgeuza mwanakemia kuwa msanii, bali kumzoesha kuusoma uso wa msikilizaji.

Mwaka 2012 Alda aliwatupia wanasayansi swali lilelile, waamuzi wakiwa watoto wa umri huo. Mshindi, mwanafunzi wa fizikia mjini Innsbruck, Austria, alilijibu kwa filamu ya katuni yenye wimbo ndani yake, kama ngano.