Tawakkul si kukataa kisu
Ndugu Waislamu, hapa Kiriba mzee wetu mmoja, mvuta tumbaku wa miaka mingi, alipimwa kwa ultrasaundi. Mshipa mkuu wa damu tumboni umevimba, upana sentimita 6. Kwa kuwa hasikii maumivu, anasema, “Mimi namtegemea Allah.”

Mshipa huo hutanuka kimya kimya, na ukipasuka wengi hufa kabla ya kufika hospitali. Kwa wanaume, ukifikia sentimita 5.5 kwa kawaida madaktari hushauri upasuaji: mrija wa bandia huwekwa mahali pabovu. Upasuaji nao una hatari zake, sikatai. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee.

Ijumaa baada ya swala tunachanga nauli, mzee akaonwe Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Sigara aache leo.