Mzamiaji na Vifaa Vinavyoning'inia: Somo la Ukinzani wa Maji

Mwalimu wa fizikia aliye karibu na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, au mahali pengine pwani ambapo jodari huletwa akiwa hajakatwa, anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo dogo lenye mafunzo mengi. Alishike pezi la kwanza la mgongoni, alisimamishe, kisha alilaze. Litazama katika mfereji ulio mgongoni mwa samaki, hata kidole kipitapo juu yake kisilihisi. Mapezi ya ubavuni nayo yana mabonde yake ya kulalia. Jodari anapokimbia hukunja kila asichokihitaji. Anapotaka kugeuka hukikunjua tena.

Binadamu azamiaye kwa mtungi wa hewa hana maumbile hayo. Mnamo mwaka 1943 Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipokijaribu chombo chao cha kupumulia chini ya maji, mipira yake ilikuwa miwili tu, iliyopita pembeni mwa kichwa. Mzamiaji wa leo kwa kawaida ana mipira minne: mmoja wa kipumulio chake, wa pili wa kipumulio cha akiba kwa ajili ya mwenzake atakayeishiwa hewa, wa tatu wa geji ya kuonyesha hewa iliyobaki, na wa nne wa kukijaza kizibao cha kuelea. Ongeza tochi, kisu na ubao wa kuandikia. Kila kifaa kiliongezwa kwa ajili ya usalama. Hata hivyo kila kilichoongezwa kinaweza kuning'inia, na kikining'inia kinaanza kuuharibu usalama uleule.

Hebu tulipime jambo hili. Kani ya ukinzani inayokabili kitu kinachopita majini ni nusu ya zao la densiti ya maji, eneo la kitu hicho linaloelekea mbele, kigezo cha umbo lake, na mraba wa kasi. Densiti ya maji ya bahari ni kiasi cha kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, yaani zaidi ya mara 800 ya ile ya hewa. Ndiyo maana mkono uliotolewa nje ya dirisha la basi husukumwa nyuma kwa mwendo wa kasi tu, ilhali majini husukumwa hata kwa mwendo wa polepole.

Tuchukue mpira wenye kipenyo cha sentimita 2.5 uliojitokeza ubavuni kwa urefu wa sentimita 60. Eneo lake ni mita za mraba 0.015, na kigezo cha umbo la mcheduara uliokabili maji kwa ubavu ni kama 1.2. Mzamiaji akienda kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, mpira huo peke yake unamvuta nyuma kwa kani ya nyutoni 2.3 hivi. Ni kidogo, mwanafunzi atasema. Lakini mkondo ukimlazimu kuongeza mwendo hadi mita moja kwa sekunde, kani hiyo inakuwa mara nne, na nguvu anayotumia kuishinda, kwa kuwa ni zao la kani na kasi, inakuwa mara nane. Tena mipira ni minne.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wauzaji wa klipu na mikanda hawapendi kulisema. Kifaa kikubwa kuliko vyote kinachoning'inia ni miguu ya mzamiaji mwenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1.8 aliyeinama kwa pembe ya nyuzi 30, miguu chini na kichwa juu, anayakabili maji kwa kimo cha mita 0.9, hali yule aliyelala sawasawa anayakabili kwa unene wa kifua na mtungi tu. Kuhamisha risasi za uzito kutoka kiunoni kwenda juu kidogo, ili mwili ulale, huokoa kani nyingi kuliko kuufunga mpira wowote. Afanye hilo kwanza, kisha ashughulike na mipira.

Gharama ya ukinzani hulipwa kwa hewa. Wanafunzi watakumbuka kanuni ya Boyle: kila mita 10 za kina huongeza kanieneo kwa kiasi cha angahewa moja, kwa hiyo penye mita 20 kanieneo ni angahewa tatu, na kila pumzi hubeba hewa mara tatu ya ile ya juu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa angahewa 200 una lita 2,400. Tukiacha robo kuwa akiba, zinabaki lita 1,800. Avutaye lita 20 kwa dakika atatumia lita 60 huko chini, naye atakaa dakika 30. Akichoka hata avute lita 30, dakika zake zinashuka hadi 20.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi haimo katika hesabu hizi. Wakati fulani nilikuwa nikihesabu matumbawe pamoja na watafiti wengine, kwenye kina cha mita 18. Kipumulio changu cha akiba kilikuwa kimechomoka kifuani, nami sikukiona. Kiliburuta mchangani muda mrefu. Mwenzangu alipoishiwa hewa alikivuta akakitia kinywani, na pumzi ya kwanza ikamletea maji yaliyochanganyika na mchanga. Chembe zilikuwa zimeingia chini ya kiwambo cha kutolea hewa, nacho kikawa hakifungi. Nilimpa kile cha kinywani mwangu, tukapanda kwa kupokezana pumzi. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo kipumulio changu cha akiba hukaa shingoni, chini ya kidevu, kwenye kitanzi cha mpira laini: sihitaji kukitafuta, nacho hakiwezi kugusa chini.

Mpangilio huo hatukuubuni sisi. Ulikuzwa na wazamiaji wa mapango ya maji ya Florida, Marekani, ambako mtu hawezi kupanda juu moja kwa moja kwa sababu juu yake ni mwamba. Sheck Exley alichapisha mwaka 1979 kitabu kilichochambua ajali za mapango hayo, na William Hogarth Main alijulikana kwa kupunguza vifaa vyake hadi vile vya lazima tu. Wazamiaji wa huko hutumia mpira mrefu wa mita 2.1 hivi ili wawili waweze kupita mahali pembamba mmoja nyuma ya mwingine wakivuta mtungi mmoja. Mpira mrefu namna hiyo ungekuwa balaa kama ungeachwa. Hivyo huteremshwa ubavuni, ukapita kifuani na kuzunguka nyuma ya shingo, nao hufunguka kwa kuinamisha kichwa tu.

Jambo walilojifunza ambalo mwanagenzi hulikosea mara nyingi ni kwamba kufunga sana nako kunaua. Chuma hakifungwi moja kwa moja kwenye chuma. Klipu ya geji hufungwa kwa uzi imara, ili ikikwama kisu kiweze kuukata. Tena klipu yenyewe iwe ya kufunguliwa kwa kidole. Ile ambayo mdomo wake husukumika kwenda ndani hujifunga yenyewe kwenye kamba au mshipi wa nyavu uliotelekezwa, na mwenye nayo hatambui mpaka amekwisha kunaswa.

Kwenye matumbawe hasara humpata asiye na kosa. Geji inayoning'inia ni nyundo. Matumbawe ya mviringo hukua kwa kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, na pigo moja laweza kuondoa kazi ya miaka mingi.

Darasa lisilo na bahari laweza kulijaribu somo hili kijitoni, penye maji ya magotini yasiyo na mamba. Jaza chupa ya plastiki maji hadi pomoni, uifunge shingoni kwa uzi, ushike uzi kwa mizani ya springi ya nyutoni 5, na uiache chupa ilale sambamba na mkondo. Soma mizani. Kisha funga kipande cha mpira wa maabara kama sentimita 30, kikiwa kimekatiza mkondo, usome tena. Halafu kilaze kando ya chupa kwa uzi, usome mara ya tatu. Mwisho ifunge chupa katikati ili ikabili mkondo kwa ubavu. Wanafunzi waandike makadirio yao kabla ya kila kipimo, na wasiruhusiwe kuyafuta.