JUMATANO: Kubebeana Mizigo

Soma Wagalatia 6:2 na Yakobo 5:16. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu kumsaidia mtu anayepambana na pombe?

Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, Mmarekani aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikuwa peke yake hotelini mjini Akron, Ohio. Biashara yake ilikuwa imeshindikana, na baa ilikuwa karibu. Badala ya kuingia, alipiga simu akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akakutanishwa na daktari Bob Smith. Hivyo ndivyo ulivyoanza ushirika wa Alcoholics Anonymous. Mikutano yake haina ada. Sharti ni moja, nia ya kuacha kunywa. Kinachosemwa humo hutunzwa kwa siri. Mikutano mingine huwaruhusu hata jamaa na marafiki.

Kanisani tunafundisha kiasi, na ni vyema. Lakini aliyeanguka mara nyingi hujificha kwa kuogopa aibu. Mwombee, kisha umsaidie kutafuta kikundi kilicho karibu. Mara ya kwanza, mkiweza, nendeni pamoja. Na siri yake uitunze.

Ndugu akikukiria leo kwamba amekunywa tena, ataondoka kwako akiwa na tumaini, au na aibu zaidi? Kwa nini?